Bega la Kushoto

Alinilipa mia tano nisimame.
Nami usiku nililipiga pasi shati la samawati,
lile la harusi ya Mbodze,
viatu nikavifuta kwa mafuta ya kupikia,
maana mtu hachorwi kila siku.

Tulifika Sabaki alfajiri, upande wa mdomo,
pale mto unapoingia baharini umeshachoka,
umebeba udongo wa mashamba ya watu tusiowajua
na kuumwaga wote, bila kuuliza ni wa nani.
Nyevu akakita ubao wake juu ya tuta la mchanga.
"Nenda," akasema. Nikaenda.
"Nenda tena."
Nikaenda hadi sauti yake ikawa ya ndege.
Akapunga kitambaa: hapo.

Hapo palikuwa tope hadi kifundoni.
Viatu nikavivua, nikavishika mkononi.

Sijui kama umewahi kusimama bila kungoja kitu.
Si foleni, si gari, si mtu.
Saa ya kwanza nilitabasamu.
Saa ya pili tabasamu likaanguka lenyewe, sikuinama kuliokota.
Heroe wakaja, wakanipita huku na huku
kama maji yapitavyo nguzo.
Kaa akatoka shimoni, akanikagua,
akaona ni mti, akaendelea na shughuli zake.
Deni la mbao kwa Katana nikalisahau.
Hata jina langu, kwa kitambo,
halikuwa na kazi.

Wiki tatu baadaye akaileta picha karakanani,
kwani fremu zake zote napiga mimi.
Mita moja na robo. Mbingu peke yake thuluthi mbili,
rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo.
Chini mto, hudhurungi, unajigeuza usingizini.
Mikoko kama nyusi.
Nikatafuta. Nikavaa miwani ya kazi, nikatafuta tena.
"Niko wapi?"
Akanyosha kidole cha mwisho, hakugusa.

Punje.
Punje ya mtama, tena iliyopasuka.
Haina uso, haina kola,
na samawati yangu imekuwa kijivu.
Nikapima kwa rula, ndiyo kazi yangu:
milimita nne, pamoja na viatu.

Sikusema kitu. Nilikata mbao kwa hasira, kona zikaachana,
nikakata upya. Mia tano, nikauambia msumeno,
ni mia moja ishirini na tano kwa kila milimita,
hata mbunge halipwi hivyo, basi unauma nini?
Mwishowe nikamuuliza:
"Si ungesimamisha kijiti tu?"
"Nilisimamisha, mwaka jana," akasema.
"Kijiti hakibadilishi mguu."

Adhuhuri mama akaja na sima na bakuli la mchunga.
Hakujua habari za Sabaki. Sikumwambia,
nani humwambia mamake kwamba amelipwa kusimama?
Alikwama mlangoni, anafuta jasho kwa leso,
macho yake yakapita mbinguni kote, yakashuka.
"Mbona huyu ni wewe."

Nikacheka. Nikamwambia, mama, huyo hana hata kichwa.
"Bega la kushoto," akasema.
"Limeshuka. Unasimama kama babako
akingoja chenji."

Baba hatuna picha yake.
Ile ya kitambulisho mchwa waliila, pamoja na pasi ya kura
na nusu ya Injili.
Nilikuwa na miaka minne; nakumbuka suruali tu,
kitambaa chake shavuni.

Nikarudi nyuma hadi mlangoni, kando ya mama.
Karibu nilikuwa nimeona rangi.
Pale mlangoni nikaona mtu, katikati ya uwazi wote ule,
hana haraka, amepewa kidogo na dunia,
anasubiri iliyobaki.

Vumbi la mbao lilikuwa limetua juu ya mto.
Kitambaa nilikuwa nacho begani.
Niliinama, nikalipuliza kwa pumzi,
taratibu, nikianzia mbali naye.